Hesabu ya Kete 64: Kuendesha Jarida la Gemu

Kijana mmoja wa Chitete, kule makao makuu ya Halmashauri ya Momba, alinijia na karatasi nne zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa stepla. Lilikuwa jarida lake la gemu za kompyuta, kurasa 16, toleo la majaribio, alilolitoa fotokopi Tunduma. “Shikamoo mwalimu. Wasomaji wataandika wenyewe, mimi nakusanya tu.” Nikaitikia marahaba, kisha nikamwambia kwamba hiyo “tu” ndiyo itakayomwangusha.

Jarida linaloandikwa na wasomaji si jambo geni kwetu. Mambo Leo, lililoanza Januari 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilijaa barua, mashairi na habari za miji zilizotumwa na watu wa kila pembe ya nchi. Shaaban Robert naye alipeleka mashairi yake humo. Lakini shairi lililopungua mizani moja linakera sikio tu, bado linasomeka. Programu ya gemu haina huruma hiyo. Nukta moja ikiruka, kompyuta inagoma.

Wenzetu waliliona hilo mapema. Mwaka 1973 Mmarekani David Ahl alitoa kitabu cha gemu 101 za lugha ya kompyuta ya BASIC, nyingi zikiwa zimetoka kwa watu mbalimbali. Baadaye yakaja majarida yaliyochapa programu za wasomaji mstari kwa mstari, na mwenye kompyuta yake nyumbani akakaa jioni nzima akinakili kwa kibodi. Wengi walimaliza usiku wa manane na gemu isiwake. Wakalaumu jarida, jarida likawalaumu wao. Mwaka 1983 jarida la Compute! likaleta dawa: programu ndogo inayotoa namba kwa kila mstari unaoandikwa. Namba hiyohiyo ilichapwa kando ya mstari jaridani. Zikitofautiana, umekosea hapohapo.

Siri yake ni kujumlisha. Ndani ya kompyuta kila herufi ni namba. A ni 65, B ni 66. Ukiandika AC badala ya AB, jumla inabadilika, kosa linanaswa. Ila AB na BA zote ni 131, kwa hiyo aliyegeuza herufi anapita salama. Ndipo watu wakaongeza hila ya kuzidisha kila namba kwa nafasi yake: AB inakuwa 65 na 132, yaani 197, na BA inakuwa 66 na 130, yaani 196. Mgeuzaji naye amekamatwa.

Leo programu inasafiri ndani ya flashi na hakuna anayeinakili kwa mkono. Kazi ya mhariri haikupungua kwa sababu hiyo. Tuseme msomaji ameleta gemu ya bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mwanzoni kete 20 zipo ubaoni, na kila mchezaji ameshika 22 za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni. Zinazoliwa hupandwa upande wa mlaji, hazitupwi nje. Basi mhariri aiache programu icheze yenyewe kwa yenyewe michezo mia, na baada ya kila hatua ijumlishe za ubaoni na za mkononi. Ikitoka 63, programu ina tundu. Ikitoka 64 asishangilie bado, kwa kuwa kete iliyodondoshwa shimo lisilo lake haibadilishi jumla. Ni ileile hadithi ya AB na BA. Hapo aitwe mzee anayelijua bao, akae mbele ya skrini na acheze. Mimi sijaona kipimo kinachomshinda.

Uhariri wa jarida la gemu ndio huo: kuendesha kila kilicholetwa kabla ya kukichapa. Mbinu ya kupita hatua ngumu ijaribiwe. Sifa za gemu mpya ziandikwe na aliyeicheza mpaka mwisho, si aliyeona picha. Na barua zikikosekana, mhariri asijitungie. Jarida la Crash la Uingereza, lililoanza 1984, lilikuwa na mjibu barua maarufu, Lloyd Mangram, ambaye hakuwahi kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni. Jina la mjibu likibuniwa, sawa. Barua zenyewe lazima ziwe za watu.

Kingine ni wizi. Atakuja mtu na programu aliyoichota intaneti, aiite yake. Mwambie akueleze mistari kumi kwa mdomo, aliyeandika ataeleza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi, na mchangiaji wako pia ni mtunzi: unachapa kwa ruhusa yake, hujanunua kazi yake. Na kabla ya kuanza kuuza, pita Idara ya Habari ukaulize leseni, maana Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inaitaka kwa magazeti.

Nikafungua karatasi zake. Ukurasa wa 7 ulikuwa umelala ubavuni mwa wa 12, ndiyo maana hadithi ilikatika njiani. Katika kijitabu cha kukunja, kurasa mbili za upande mmoja wa karatasi hujumlishwa zikatoa idadi ya kurasa zote na moja juu. Kwa kurasa 16 ni 17: 16 na 1, 2 na 15, 7 na 10. Alihesabu kwa vidole, akacheka.

Toleo la kwanza litakuwa na gemu moja tu ya msomaji, ya bao. Ilipojaribiwa ilitoa kete 63, imerudishwa kwa mwenyewe. Wewe uliye jirani na Chitete na una yako, ipeleke, lakini hesabu kwanza.