Shuka, Koti na Kabuti: Mavazi ya Baridi Darasani na Nje ya Darasa

Kuna swali ambalo halikosekani katika mitihani ya Kiswahili ya ngazi ya chini: "Taja mavazi manne yanayovaliwa wakati wa baridi." Jibu linalotarajiwa linajulikana: sweta, koti, soksi na kofia. Mwanafunzi wetu mmoja kutoka Karamoja aliandika shuka badala ya soksi alipokuwa sekondari, na msahihishaji akamkata alama kwa maelezo kwamba shuka ni la kitandani. Alama moja ni kitu kidogo. Lakini mwanafunzi huyo sasa anasomea ualimu, na kesho naye atashika kalamu nyekundu. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jibu lake lilikuwa sahihi, na kwa nini mada hii inayoonekana nyepesi inahitaji mwalimu aliyejiandaa.

Tuanze na baridi yenyewe. Dar es Salaam, usiku wa mwezi wa Julai, joto hushuka hadi nyuzi 19 hivi za sentigredi, na abiria wa daladala ya alfajiri utawaona wamevaa sweta na kulalamika. Nyuzi hizo hizo 19 zikifika Norwei ni siku nzuri ya kiangazi, watu wako bustanini na fulana. Kabale, mji ulioko katika milima ya kusini magharibi mwa Uganda, usiku hufika nyuzi 10 au 11, na huko sweta si jambo la msimu, ni nguo ya kila jioni mwaka mzima. Kwa hiyo neno "baridi" halina kipimo kimoja. Hata kipupwe, ambacho vitabu vingi hukitafsiri kama majira ya baridi ya Ulaya, ni kipindi cha ubaridi na ukavu cha pwani, kuanzia Juni hadi Agosti. Mwanafunzi anayeandika kwamba theluji ilianguka Oslo "wakati wa kipupwe" amepata msamiati lakini amepoteza kalenda.

Jambo la pili ni vitenzi, na hapa ndipo tunapoona utajiri wenyewe. Vitabu vyetu hutoa kuvaa na kuvua, basi. Lakini Mswahili anayesikia baridi mara nyingi havai, bali hujitanda. Mwanamke hujitanda kanga ya pili mabegani na kichwani, mzee hujifunika, mtoto mwenye homa hujigubika, na mtu aliyelala akifunika mwili wote mpaka kichwa tunasema amejifunika gubigubi. Tofauti hii si ya maneno tu. Nguo ya kushonwa ina mikono, vifungo na kipimo cha mwenyewe. Nguo ya kujitanda haina kipimo: asubuhi iko mabegani, mchana imefungwa kiunoni, njiani imembeba mtoto, usiku imekuwa blanketi. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo joto hupanda na kushuka nyuzi 12 au zaidi kwa siku moja, kama ilivyo katika nyanda zetu za juu, hiyo ni akili ya mavazi iliyokomaa. Wahabeshi wanayo gabi, kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa mkono na kukunjwa tabaka nne, nacho hujitanda vivyo hivyo katika milima yao. Basotho wa Lesotho, nchi ambayo theluji huanguka katika milima yake, hufunga blanketi la sufu mabegani kwa pini na kwenda nalo sokoni, kanisani na harusini. Hakuna anayewaambia kwamba blanketi ni la kitandani.

Pwani nako kuna jambo la kushangaza kidogo. Kiswahili kina maneno ya zamani ya nguo nzito: joho, na pia bushuti, yaani joho au kitambaa cha sufu. Mtu atauliza, Mombasa na Unguja kuna baridi gani ya kuhitaji sufu? Hakuna. Maneno hayo yalivuka bahari pamoja na nguo zenyewe kutoka Uarabuni. Jabal Akhdar, mlima wa Oman, hufikia baridi ya kugandisha maji wakati wa Januari, na huko joho la sufu lina kazi ya kumpasha mtu joto. Lilipofika kwetu pwani, baridi ilibaki nyuma na heshima ikaja: joho likawa vazi la mwenye cheo, la bwana harusi, na siku hizi la mhitimu wa chuo kikuu. Koti la suti ambalo Waganda huvaa juu ya kanzu katika sherehe lina hadithi ya kukaribiana na hiyo. Likivaliwa juani saa saba mchana, halina habari na baridi. Hivyo basi, uzito wa nguo peke yake haumwambii msomaji kwamba kuna baridi. Kabuti ni tofauti. Tukisoma katika hadithi kwamba mlinzi amejikunyata ndani ya kabuti lake, tunajua ni usiku na tunajua kipupwe kimeingia.

Sasa twende nyumbani kwa mtu. Katika vitabu vilivyoandikiwa wageni mara nyingi kuna mazungumzo ya aina hii: mgeni anabisha hodi, mwenyeji anasema "Karibu, vua koti uketi." Sarufi yake haina kosa. Lakini ni desturi ya nchi ambazo nyumba hupashwa joto: nje ni baridi, ndani ni joto, na mgeni anayekaa na koti huonekana kama anataka kuondoka. Huku kwetu milimani nyumba haipashwi joto, na asubuhi mara nyingi ndani ni baridi kuliko nje. Mgeni hukaa na koti lake, na mwenyeji pia. Kama kuna kuvua, watavulia nje, kwa sababu huko ndiko watu huenda kuota jua. Kitenzi hiki, kuota, kwa maana ya kuota jua na kuota moto, kinapaswa kufundishwa katika mada hii kabla ya skafu na glavu. Mwenyeji wa Kigezi hamwambii mgeni avue koti. Humwambia asogee motoni.

Watoto ndio mahali ambapo wanafunzi wetu kutoka Ulaya hushtuka zaidi. Wanaona mtoto mchanga amevalishwa kofia ya sufu, soksi na blanketi mchana wa jua, wanadhani mama hajui hali ya hewa. Mama anajua. Anachoogopa ni upepo na kichomi, na pia maneno ya mama mkwe. Upande wa pili, wanafunzi wetu hawaamini wanapoambiwa kwamba katika nchi za Skandinavia wazazi huwalaza watoto wachanga nje katika vigari wakati wa baridi kali, wamefunikwa vizuri, wakiamini hewa hiyo ina afya. Kila upande unamwona mwenzake mkatili. Kwa mwalimu huo ni mdahalo uliokwisha kuiva.

Turudi kwenye shuka. Kwa Wamaasai na Wakaramoja shuka ni vazi, la mchana na la usiku, na ndilo kinga ya mchungaji anayelala nje na ng'ombe. Kulikana si jambo geni. Mwishoni mwa mwaka 1967 na kuingia 1968 Tanzania ilifanya kampeni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na wavae suruali, na nchini Uganda serikali ya Idi Amin iliwaamuru Wakaramoja mwaka 1971 wabadili mavazi yao. Hoja ya msingi ilikuwa moja pande zote mbili: kwamba hiyo si nguo. Msahihishaji wetu bila shaka hakuwa na nia hiyo. Hata hivyo alama ya kosa aliyoiweka inatoka katika njia hiyo hiyo, na ndiyo sababu hatuwezi kuipuuza.

Lugha za nyumbani nazo huingilia. Mwanafunzi wa Kinyarwanda huita sweta "umupira", neno ambalo pia ni la mpira wa kuchezea. Akija kusema kwa Kiswahili "leo ni baridi, nimevaa mpira", wenzake kutoka Tanzania watacheka mpaka machozi, kwa sababu huko mpira ni kondomu pia. Mwanafunzi wa Luganda, ambaye kwake "empewo" ni upepo na baridi kwa pamoja, huandika "nasikia upepo" akiwa chumbani, madirisha yamefungwa. Wengine huchanganya sufu, manyoya ya kondoo, na sufi, pamba ya mti wa msufi inayotiwa kwenye mito. Sweta ya sufi bado hatujaiona.

Katika darasa letu tumeacha ile picha ya mtu wa theluji. Tunawapeleka wanafunzi kwenye kituo cha bodaboda saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Huko watamkuta dereva amevaa jaketi zito la mitumba, lililoshonwa kwa ajili ya baridi za Ulaya, naye amelivaa mbele nyuma, zipu mgongoni. Tunawaagiza wamwulize sababu kwa Kiswahili na kuandika jibu lake. Atawaeleza kwamba pikipiki ikienda kasi upepo hupenya kwenye zipu na kumpiga kifuani, na kwamba abiria aliyekaa nyuma humkinga mgongo. Wiki iliyopita walirudi na vitenzi kumi na vinne, na viwili kati ya hivyo hatukuviona katika kamusi yoyote iliyoko maktabani kwetu.