Kujipanga kwa Chembe za Metali: Suala la Istilahi

Mji wa Syokimau, ulioko katika Kaunti ya Machakos karibu na mpaka wa Nairobi, una jina la nabii wa kike wa Wakamba. Mapokeo husimulia kwamba alitabiri ujio wa reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899, kwa kuiita nyoka mrefu. Hakuwa na neno garimoshi. Alitwaa kilichojulikana akakieleza kwacho kisichokuwapo bado. Waundaji wa istilahi za sayansi hufanya vivyo hivyo, na hatari yao ni moja: mfano huangaza, lakini pia waweza kupotosha. Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi chembe ndogo mno za metali zinavyojipanga kwa msaada wa vitu vya jamii ya sabuni, na kupima neno la Kiswahili linalolifaa jambo hilo.

Yafaa kuanza na sabuni yenyewe. Molekuli yake ina kichwa kinachovutwa na maji, na mkia unaochangamana na mafuta. Sabuni ikizidi kiasi fulani majini, molekuli hukusanyika kwa makumi, mikia ndani na vichwa nje, zikafanya tufe dogo liitwalo miseli. Humo ndimo mafuta ya sufuria hunaswa hadi yasuuzwe. Katika kimiminika cha jamii ya mafuta mpango hupinduka: vichwa huelekea ndani na kuzunguka tone la maji. Tone hilo laweza kuwa chungu cha kuundia metali, nayo chembe itokeayo humo haikui ovyo, kwa kuwa imezingirwa.

Mwaka 1994 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, miongoni mwao Mathias Brust na David Schiffrin, walitangaza njia iliyo karibu na hiyo. Waliivusha dhahabu kutoka majini hadi katika toluini kwa chumvi ya jamii ya sabuni, kisha wakaifanya metali mbele ya molekuli zenye salfa na mikia mirefu. Salfa huishika dhahabu, na mikia hubaki nje mithili ya manyoya. Vishada vya atomu vilivyopatikana vilikuwa na kipenyo cha nanomita 1 hadi 3. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa kwa 1,000,000,000.

Vishada vinavyolingana ukubwa, kimiminika kikikauka polepole, hujipanga safu kwa safu kama machungwa juu ya meza ya mchuuzi. Ila hapa hapana mchuuzi. Metali huvutana, mikia huzuia zisigusane, na kila kishada hutulia pale nguvu hizo zinapolingana. Ukubwa ukitofautiana mno, safu huvurugika.

Jambo hili si la maabara za ng'ambo tu. Mstari mwekundu wa vipimo vya haraka vya malaria, vitumikavyo katika zahanati za Kenya na Tanzania, aghalabu ni rangi ya chembe za dhahabu zilizovikwa kingamwili. Michael Faraday alieleza dhahabu nyekundu ya namna hii huko London mwaka 1857. Chembe za vipimo ni kubwa kuliko zile za Liverpool na huundwa kwa njia nyingine, lakini kanuni ni ile ile: vazi ndilo linalozitenga. Zikishikamana, wekundu wa maji yake hugeuka kuwa zambarau au buluu.

Basi jambo lenyewe liitweje? Kukusanyika hakutoshi, maana hata takataka hukusanyika pasipo mpango. Kupangika kwaonyesha hali ya kuweza kupangwa, na kwaacha nafasi ya mpangaji. Limebaki kujipanga. Pingamizi ni kwamba nchini Kenya mtu aambiwaye "jipange" huambiwa atumie akili na nia, ilhali chembe haina nia. Pingamizi hili lina uzito: mwanafunzi adhaniye kwamba dhahabu yajua mahali pake hataulizia nguvu zinazoiweka pale, na kuulizia nguvu hizo ndiyo kemia. Hata hivyo, kiambishi -ji- hakidai nia daima. Husemwa mlango umejifunga, na hakuna adhaniye kwamba mlango uliamua. Msikilizaji huelewa kwamba ni upepo, au uzito wake wenyewe. Kujipanga kwafaa, basi, mradi mwalimu azitaje nguvu hizo papo hapo.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini sayansi katika shule za sekondari za Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na istilahi isiyofundishiwa hudumaa kamusini. Neno kujipanga litakomaa pale tu mwanafunzi wa sekondari atakapoweza kueleza, kwa Kiswahili na bila kuitwika dhahabu nia isiyo nayo, kwa nini mstari ule ni mwekundu.