Oksitosini na mgonjwa wa skizofrenia: tusikimbilie



Dada yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Mwanawe ana skizofrenia. Zile sauti alizokuwa akizisikia zimenyamaza, alhamdulillahi, vidonge anameza, lakini barazani hakai. Ukimtania hajui kama ni utani, ukinuna haoni. "Kaka, nasikia kuna dawa ya kupuliza puani inamrudisha mtu kwa watu. Nitafutie huko." Nikamwambia anipe siku mbili nisome kwanza.

Dawa yenyewe ni oksitosini, na wakunga wetu wanaijua zamani. Ni homoni inayomwagwa na tezi ya pituitari chini ya ubongo. Ndiyo inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu na kushusha maziwa mtoto anaponyonya. Vincent du Vigneaud aliiunda maabara mwaka 1953, akapata Nobel mwaka 1955. Baadaye ikaonekana kwa wanyama kwamba inamfunga mama na mwanawe, basi watafiti wakauliza: je, mtu aliyejitenga? Inapulizwa puani kwa sababu ukiimeza tumbo linaisaga, na ya sindano haipenyi kirahisi kuingia ubongoni.

Haja ipo kweli. Dawa za kawaida zinaziba vipokezi vya dopamini. Zinapunguza sauti na dhana za uongo, lakini ule ugumu wa kusoma nyuso na nia za watu haziugusi sana. Mwaka 2010 David Feifel na wenzake, San Diego, waliwapa wagonjwa 19 oksitosini juu ya dawa zao kwa wiki tatu, dalili zikapungua kuliko walipopuliziwa maji yasiyo na dawa. Watu wakashangilia. Lakini 19 ni wangapi? Mwaka 2015 huko Australia vijana 52 walipewa pamoja na mafunzo ya kuelewana na watu, wiki sita. Waliopata oksitosini hawakuwazidi wenzao. Na mwaka 2021 Marekani ikajaribiwa kwa watoto wapatao 290 wenye usonji, wiki 24: hakuna tofauti. Hili jina la "homoni ya mapenzi" mimi naona ni biashara ya magazeti tu.

Nikampigia dada. Usinunue kitu mtandaoni, na vidonge vyake visikatwe. Muulize daktari habari ya mafunzo ya kuishi na watu, hayo yana ushahidi zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ami yake humchukua alfajiri wakapange samaki sokoni, na juzi alirudi akicheka.

Nikamwambia huyo ami asimwache.