Mtoto mwenye pumu: mambo ya kufanya nyumbani

Mtoto anakohoa usiku na alfajiri, kifua kinatoa mlio kama filimbi, na akicheza anachoka upesi. Hali hii ikijirudia, huenda ni pumu. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Pumu haiambukizi. Njia za hewa ndani ya mapafu huvimba, hubana na kujaa makohozi.

Usimkate kimeo
Wazazi wengi hushauriwa wamkate kimeo mtoto anayekohoa sana. Kimeo kiko kooni. Pumu iko kifuani. Kukikata hakutibu pumu, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au kufariki.

Dawa ya kuvuta (inhela)
Salbutamo, mara nyingi ya bluu, hufungua kifua kilichobana. Mtoto akiandikiwa pia dawa ya kuzuia, aitumie kila siku hata akiwa mzima. Dawa hizi hazimfanyi awe tegemezi.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta inhela moja kwa moja. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu linalolingana na mdomo wa inhela, kisha ziba pembeni kwa plasta. Mtoto aweke mdomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa inhela, puliza mara moja, naye apumue mara 5 taratibu. Mwombe muuguzi akuoneshe, hasa kwa mtoto mchanga.

Punguza moshi
Usimbebe mgongoni unapopika kwa kuni au unapokausha samaki kwa moshi. Sigara na dawa ya mbu ya kuchoma visitumike ndani.

Akibanwa
1. Mketishe wima, usimlaze.
2. Mpe salbutamo mara 2, mpulizo mmoja mmoja.
3. Asipopata nafuu baada ya dakika 20, rudia huku mkielekea hospitali.

Usisubiri hata kidogo iwapo hawezi kuongea au kunyonya, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika kuwa ya bluu, au analegea.

Pumu hubana zaidi usiku. Kama unaishi kijijini Butiama au Bunda, mbali na hospitali, panga mapema: namba ya bodaboda unayemwamini, nauli iliyotengwa, na inhela mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.