Kununua Skuta kwa Njia ya Mtandao: Haki za Mnunuzi Chombo Kinapofika na Kasoro

Katika miaka ya karibuni vikundi vingi tunavyofanya navyo kazi sharikani vimeanza kununua vyombo vya usafiri kwa njia ya mtandao. Picha inaonekana kwenye simu, bei inatajwa, fedha zinatumwa, na baada ya siku chache pikipiki au skuta inashushwa kutoka kwenye basi. Utaratibu huu umewapunguzia wengi nauli na gharama za kulala mjini. Hata hivyo, umeleta tatizo lake. Chombo kikifika kibovu, muuzaji yuko mbali, fedha imeshakwenda, na simu haipokelewi. Katika makala hii tumeonelea vema kueleza haki za mnunuzi kwa sheria za Tanzania, na hatua za kuchukua ili haki hizo zisipotee.

Yaliyokipata kikundi kimoja

Kikundi kimoja cha akina mama wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kilikopa zaidi ya shilingi milioni mbili katika mfuko wao wa kuweka na kukopa, kikaagiza skuta ya kupeleka maziwa mjini. Walichagua skuta kwa sababu haina klachi ya kukanyaga wala kubana, na mama aliyevaa kitenge anaweza kukaa bila shida. Muuzaji aliandika kwamba ni mpya kabisa.

Siku ya pili oili ilianza kuvuja. Baada ya wiki moja injini ikawa inazima kila inapopata moto kwenye mlima. Walipopiga simu walijibiwa, "Endeleeni kuitembeza, injini mpya lazima izoee." Wiki ya pili wakaambiwa fundi amesafiri. Wiki ya tatu simu ikawa inaita bila kupokelewa. Wakati huo wote maziwa yalibebwa na bodaboda ya kukodi, na rejesho la mkopo lilikuwa palepale. Kikundi kikawa kinalipia usafiri mara mbili, na baadhi ya wanachama wakaanza kumnyooshea kidole mweka hazina, ingawa hakuna fedha iliyopotea mikononi mwake. Hasara ya namna hii haiishii kwenye fedha. Inaweza kuvunja kikundi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya kwanza ni Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214. Sheria hii inaweka masharti ndani ya mauziano hata kama wahusika hawakuyataja. Yaliyo muhimu kwetu ni matatu:

1. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Anayenunua kwa kuangalia picha na kusoma tangazo amenunua kwa maelezo. Kama tangazo lilisema "mpya, sisi 125", basi iliyotumika au yenye injini ndogo zaidi siyo bidhaa aliyoinunua.

2. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo na mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo lazima iwe na ubora wa kuuzika. Skuta ambayo haiwezi kupanda mlima bila kuzima haina ubora huo. Zingatia kwamba sharti hili halimbani mtu binafsi anayeuza chombo chake mwenyewe kama linavyombana mfanyabiashara. Vilevile, aliyekikagua chombo kabla ya kununua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha.

3. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya, na akautegemea ujuzi wa muuzaji katika kuchagua, bidhaa lazima iifae kazi hiyo. Lakini aliyeagiza kwa kutaja jina la aina fulani tu, bila kueleza kazi yake, anaweza kuikosa kinga hii.

Sheria ya pili ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria hii inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Hivyo basi, maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", ambayo huandikwa kwenye stakabadhi nyingi, hayampi muuzaji ruhusa ya kudanganya.

Ya tatu ni Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Kwa sheria hii mkataba haukosi nguvu kwa sababu tu ulifanyika kwa ujumbe wa simu au mtandao, na kumbukumbu za kielektroniki zinaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kwa maneno mengine, mazungumzo yako na muuzaji kwenye WhatsApp ni sehemu ya mkataba wako. Usiyafute. Tunza na simu yenyewe, kwa kuwa ujumbe ulio kwenye simu halisi una uzito kuliko picha yake peke yake.

Siku zinazopita zina gharama

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba haki ya kukataa bidhaa haidumu. Mnunuzi huhesabiwa kuwa ameipokea bidhaa kwa namna tatu: akimwambia muuzaji kuwa ameridhika; akiifanyia jambo ambalo mwenye mali pekee ndiye angelifanya, kama kuiuza au kuibadilisha; au akikaa nayo kwa muda unaozidi kiasi bila kusema kwamba anaikataa. Akishahesabiwa ameipokea, kwa kawaida hawezi tena kuirudisha. Kinachobaki ni kudai fidia, na fidia ni safari ndefu zaidi.

Hapa ndipo maneno "endeleeni kuitembeza" yanapoweza kumdhuru mnunuzi. Hata yakisemwa kwa nia njema, kila wiki inayopita inamsogeza mbali na haki yake. Kwa bahati nzuri, sheria inampa mnunuzi ambaye hakukiona chombo nafasi ya kukikagua kinapofika kabla ya kuhesabiwa amekipokea. Aidha, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo, anayekataa bidhaa halazimiki kuisafirisha yeye kuirudisha. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kwa kikundi kilicho mamia ya kilomita kutoka dukani, kinga hii ni kubwa.

Kabla ya kutuma fedha

- Omba jina kamili la biashara, mahali ilipo na namba ya mlipakodi. Kama una ndugu au msharika anayeishi mji huo, mwombe afike dukani akaone kwa macho.

- Andika kwa ujumbe kazi ya chombo: mzigo wa kilo ngapi, barabara ya aina gani, milima ipo au haipo. Muulize muuzaji kama chombo hicho kinafaa, na usubiri ajibu kwa maandishi. Skuta nyingi zina magurudumu madogo na tumbo lililo karibu na ardhi, na nguvu ya injini hupelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa mkanda badala ya cheni. Kwenye lami ni chombo kizuri. Kwenye mawe na makorongo huenda pikipiki ya kawaida ikafaa zaidi.

- Uliza nani amekiunganisha. Skuta nyingi huingia nchini ndani ya makasha, baadhi ya sehemu zikiwa zimefunguliwa. Chombo kilichofungwa haraka huweza kuwa na boliti zilizolegea, breki zisizorekebishwa au oili pungufu, ingawa kiwandani kilitoka kizima.

- Omba picha ya namba ya chasisi na ya injini. Kwa kawaida namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki. Namba hizo lazima zilingane na zilizo kwenye kadi ya usajili.

- Kubalianeni kwa maandishi nani anabeba hasara chombo kikiharibika njiani. Kama hakuna makubaliano, kumkabidhi msafirishaji huchukuliwa kwa kawaida kuwa ni kumkabidhi mnunuzi.

- Lipa kwa akaunti au namba yenye jina la biashara, siyo namba ya mtu binafsi, na udai risiti ya mashine ya kielektroniki.

Siku chombo kinapofika

Wawepo watu watatu: kiongozi wa kikundi, fundi mnayemwamini na shahidi. Pigeni picha kabla ya kufungua kamba. Linganisheni namba. Angalieni oili, breki, taa, honi, matairi na betri. Washeni injini ikiwa baridi, muiache ipate moto, muizime, kisha muiwashe tena. Moshi wa bluu huashiria kwamba injini inachoma oili. Mwendeshe kwenye mlima mkiwa na mzigo wa kiasi. Andikeni mliyoyaona, tarehe na kilomita zilizo kwenye saa, na wote watatu wasaini.

Mkiona kasoro, kiwekeni chombo kando. Msimruhusu fundi kufungua injini kabla muuzaji hajajulishwa, maana muuzaji atasema fundi wenu ndiye aliyeiharibu, na waranti huenda ikafutika.

Muuzaji akikaa kimya

Simu ni nzuri, lakini maandishi ndiyo yanayobaki. Andikeni barua, muipige picha na kuituma kwa simu, kisha nakala halisi muitume kwa njia itakayowapa stakabadhi. Barua inaweza kuwa fupi kama hii:

"Tarehe ___ tulinunua kwenu skuta yenye chasisi namba ___ kwa shilingi ___, risiti namba ___. Mlitueleza kuwa ni mpya na inafaa kubeba mzigo wa kilo ___ kwenye barabara ya milima. Tulipoikagua tarehe ___ tuliona kasoro zifuatazo: ___. Kwa barua hii tunaikataa bidhaa hiyo na tunaomba turejeshewe fedha zetu ndani ya siku 14. Chombo kimehifadhiwa na hakitumiki. Mnaweza kuja kukikagua na kukichukua."

Muda huo ukipita bila jibu, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani mkiambatisha nakala zote. Ikiwa hapana budi, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba ndani ya kiwango kilichowekwa na sheria, na hapo mnaweza kujieleza wenyewe. Wakati wote tumieni lugha ya heshima. Muuzaji anayetukanwa hupata sababu ya kukata simu, na matusi yaliyoandikwa huweza kugeuka ushahidi dhidi yenu.

Kikundi tulichokitaja kilipofika ofisini kwetu, katibu wao alikuwa ametunza kila ujumbe tangu siku ya kwanza, likiwemo swali lao kuhusu milima na jibu la muuzaji kwamba itapanda. Tulisaidiana nao kuandika barua. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nakala ya malalamiko ilipopelekwa Tume, muuzaji alituma gari kuichukua skuta na kurejesha bei yake. Gharama ya basi na ya bodaboda za kukodi haikurudi. Tangu skuta ifike hadi fedha irudi zilipita wiki tisa, na wiki zote hizo mkopo ulilipwa. Wangeandika barua siku ile ya pili oili ilipoanza kuvuja, wiki nyingi kati ya hizo zingeokolewa.

Tunaviomba vikundi vyote vinavyokusudia kuagiza chombo visome makala hii katika mkutano, kabla ya fedha kutoka kwenye mfuko, na kumteua mwanachama mmoja wa kutunza ujumbe na risiti zote. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari hilo ni pamoja na simu ya katibu.