Mbunge na Mabwana Wake Watatu

Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Mbunge hashiki mawili tu bali matatu: chama kilichomsimamisha, watu waliompa kura, na dhamiri yake mwenyewe. Ndiyo sababu Mbunge akipingana na chama chake, wazee wetu hapa Njombe huuliza, "Huyu anatafuta nini?" Swali hilo ni zuri, lakini jawabu lake si jepesi. Nitajaribu kulieleza kwa mfano wa mkoa wetu.

Kwanza tuitazame sheria. Ibara ya 67 ya Katiba ya 1977 yataka mgombea Ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe na chama hicho. Ibara ya 71 yasema kwamba akiacha kuwa mwanachama, kiti chake hupotea. Mwezi Oktoba 1968 TANU iliwafukuza Wabunge kadhaa, nao wakatoka Bungeni. Ibara ya 100, kwa upande wake, humlinda Mbunge asishtakiwe mahakamani kwa maneno aliyoyasema Bungeni. Angalieni basi: mahakama haiwezi kumwadhibu kwa maneno hayo, lakini chama chake chaweza.

Sasa mfano wenyewe. Mwezi Aprili 2012, baada ya taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha matumizi mabaya ya fedha, Bwana Zitto Kabwe wa CHADEMA alianza kukusanya sahihi za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Bwana Mizengo Pinda. Wabunge wa CCM waliotia sahihi walikuwa wachache mno. Mmoja wao alikuwa Bwana Deo Filikunjombe wa Ludewa. Spika wakati huo alikuwa Bibi Anne Makinda, Mbunge wa Njombe Kusini, naye pia wa CCM. Alieleza kwamba Katiba hudai taarifa ya siku 14, na hoja haikuletwa. Hata hivyo mwezi Mei Rais Kikwete alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje.

Je, katika wawili hao wa mkoa mmoja, msaliti ni nani? Mimi simwoni. Kazi ya Spika ni kulinda kanuni. Kazi ya Mbunge ni kuuliza fedha za watu zimekwenda wapi.

Tena liko shinikizo la nje. Mwaka 2014 Bunge lilijadili fedha zilizotolewa katika akaunti ya Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Wafadhili wa kigeni walizuia misaada yao ya bajeti kwa ajili ya jambo hilo. Kamati iliyolichunguza iliongozwa na Bwana Kabwe, na Bwana Filikunjombe alikuwa makamu wake. Mtu aweza kusema kwamba Wabunge waliimba wimbo wa wageni. Lakini shauri haligeuki kuwa uongo kwa kuwa mgeni naye amelisema. Tujiulize hivi: mgeni akinyamaza, je, jambo lenyewe bado lamhusu mkulima wa viazi wa hapa kwetu? Kama lamhusu, ni letu.

Moyo wa mtu ni msitu, hatuwezi kuuona. Lakini twaweza kupima matendo. Je, alikuwa na kitu cha kupoteza? Je, aliyasema hayo hata kabla hayajawa na sifa? Je, alirudi kwa wapigaji kura kuwaeleza? Bwana Filikunjombe hakukihama chama chake. Alipofariki katika ajali ya helikopta tarehe 15 Oktoba 2015, alikuwa mgombea wa CCM huko Ludewa.

Pale Makambako barabara ya Songea huachana na ile iendayo Mbeya. Dereva hawezi kuzifuata zote mbili, lakini abiria wana haki ya kuambiwa mapema ni ipi atakayoshika. Vivyo hivyo Mbunge. Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia umri wa kupiga kura. Tusiishie kuuliza anatafuta nini. Tumwulize pia anatupeleka wapi, na tukae kitako kulisikiliza jibu lake.