Damu kwenye hariri: kweli au uongo?

"Maji ya moto huyeyusha damu." Uongo, na hapa Hasamba una mvuto wa pekee. Juni na Julai baridi ya Mbozi haina mzaha. Maji ya bomba asubuhi yanakata vidole, na sufuria la maji ya moto liko tayari jikoni. Tone la damu likiangukia mtandio, mkono unakimbilia sufuria. Kumbe joto huigandisha protini ya damu kama ute wa yai kwenye kikaango, na ikishaganda ndani ya nyuzi kuing'oa ni kazi. Tumia yaleyale ya bomba yanayouma. Geuza nguo, pitisha maji kwa nyuma ya doa ili damu itokee ilikoingilia. Usifikiche: hariri ikilowa hupungua nguvu, na nyuzi zilizochubuka hazirudi kung'aa.

"Kitambaa chochote laini kinachong'aa ni hariri." Uongo. Pita kwenye mitumba ya Tunduma, utaitiwa hariri ambayo ni poliesta tupu. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni; poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Harufu hiyo ya nywele si bure. Hariri ni protini, na damu nayo imejaa protini, kwa hiyo dawa inayoila damu inaweza kuila na nguo.

"Sabuni ya unga kali ndiyo kiboko ya damu." Kwenye shuka la pamba, kweli. Kwenye hariri, uongo. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kuvunja protini, navyo havichagui kati ya doa na uzi. Tena nyingi zina magadi, ambayo hariri haiyapendi. Shampuu laini ya nywele, kidogo tu kwenye beseni la maji baridi, inafaa zaidi. Jiki ndiyo usiiguse kabisa: huanza kwa kuifanya hariri iwe ya njano, kisha huila.

"Mate ya mwenye damu huondoa damu yake." Nusu kweli. Fundi cherehani akijichoma sindano, hulowesha kipande cha uzi mweupe kwa mate na kuligusagusa doa, na mara nyingi hufanikiwa. Siri ni kwamba doa bado bichi, na mate ni maji yenye vimeng'enya vichache. Hata wahifadhi wa michoro kwenye makumbusho husafishia mate. Hilo la lazima yawe yako halina msingi, ila kwa usafi tu, maana nani anataka ya jirani? Na doa likizidi kichwa cha kiberiti, mate hayatoshi.

Chumvi? Inasaidia kwa damu mbichi, kijiko kwenye maji baridi, kwa dakika chache kisha suuza sana, maana ikikaukia kwenye hariri huidhoofisha. Limau na kuanika juani? Hapana. Tindikali yaweza kuligandisha doa na kuchuja rangi, na jua kali peke yake huichosha hariri.

"Doa likikauka, nguo imekwisha." Si kweli, ila inataka subira. Loweka kwenye maji baridi, badilisha maji yakigeuka rangi, kisha ile shampuu. Hariri nyeupe ikibaki na kivuli cha kahawia, nunua duka la dawa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ijaribu kwanza kwenye mshono wa ndani, kisha dondoshea doa kwa pamba, itatoa povu. Suuza papo hapo. Yenye rangi waweza kuiachia baka jeupe baya kuliko damu.

Yenye nakshi au rangi inayochuja mpelekee dobi, na usione haya kumwambia: "Kaka, hii ni damu." Asipojua akaipiga pasi, joto lile litagandisha kilichobaki.